Tarikhi ya Vita vya Mkanda Namba Tatu

Sogeeni, enyi mlio karibu na mlio mbali, mliomaliza kazi na mliojificha chooni ili kazi iwapite. Tueni vikombe, nyamazisheni simu, na mwenye kukohoa akohoe sasa, kwa maana nitakayoyanena si ya kukatizwa. Wako waliosimulia falme zilizoanguka na miji iliyozingirwa miaka kumi. Hayo ni mambo madogo. Mimi nitasimulia jinsi watu wazima, wenye akili timamu na bima ya afya, walivyoshindana siku tatu mchana kweupe juu ya ukanda wa mpira wa kubebea mawe, kwamba tumboni mwake uwe na kitambaa au uwe na nyaya za chuma; na jinsi mwanamke mmoja alivyowanyamazisha wote kwa tepu ya kupimia.

Mwanamke huyo ni Verna Koskela wa Korvela, mji ulio kando ya Ziwa Superior huko Michigan ya juu, ambako theluji huja kabla ya kualikwa na huondoka baada ya kufukuzwa. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mkuu wa mafundi katika machimbo ya mawe ya chokaa, Mfungua Nati Zilizoshindikana, Mtuliza Beringi Zipigazo Kelele, ambaye akiweka sikio lake juu ya mashine hukuambia inaumwa nini na tangu lini. Alipoingia karakana ile miaka thelathini nyuma, wanaume waliwekeana dau la kreti ya bia kwamba wiki haitaisha naye. Mmoja tu hakuweka dau. Huyo ni fundi Reino Tervo, aliyemkabidhi spana ya kwanza na kumwambia, "Shika. Ukiidondoshea mguuni, usilie mbele yao." Ilimwangukia mguuni siku hiyo hiyo. Hakulia, na kreti ya bia ikanywewa na wale wale walioshindwa dau.

Sasa Reino alikuwa na miaka themanini na minne, na moyo wake, uliopiga bila kulipiwa saa za ziada miaka yote hiyo, ulikuwa umechoka. Daktari wa mji wa Marquette hakumzungusha: akitunza nguvu zake huenda akauona mwaka mpya, lakini asiahidi mtu yeyote msimu mwingine wa kuwinda. Mzee akasikia, akavaa kofia yake, akaomba jambo moja. Aketi tena katika kibanda chake cha porini asubuhi ya tarehe kumi na tano Novemba, siku msimu wa kulungu unapofunguliwa, ambayo katika Korvela shule hufungwa, maduka hufungwa, na hata wasiomjua Mungu huamka kabla ya jua wakiwa wamejawa na imani. Mwanawe Leroy, fundi aliyefanya kazi chini ya Verna, ndiye wa kumpeleka. Ruhusa ilikuwa imeandikwa, lakini kwa sharti: meli ya mwisho ya mwaka, itakayofika tarehe kumi na mbili, iwe imekwisha kupakiwa. Isipopakiwa, hakuna fundi wa kuondoka, na kulungu wasubiri.

Ndipo majaliwa yakaonesha meno. Jumatatu ya tarehe tatu, saa nne asubuhi, jiwe moja lililochongoka kama mkuki lilitoka kwenye mashine ya kusagia, likajikita chini ya Mkanda Namba Tatu, na mkanda ukapasuka kwa urefu kama suruali ya mlevi. Sasa mjue ukuu wa kitu hiki. Namba Moja ni mrefu, Namba Mbili ni mrefu zaidi. Namba Tatu una futi tisini. Hupokea mawe kwenye mashine na kuyamwaga kwenye lundo, basi. Mtu akisimama mwanzo wake aweza kuomba kiberiti kwa aliye mwisho wake bila kupaza sauti. Walakini bila huo hakuna lundo, na bila lundo hakuna shehena.

Verna akautazama, akavua glavu moja. "Huyu amekufa," akasema.

"Tumshone?" akauliza Leroy.

"Leroy, huyu ni viraka vitupu. Tukishona tutakuwa tunashona kiraka kwa kiraka."

Akapiga simu duka la vipuri mjini Green Bay. Mkanda wa kitambaa, tabaka tatu, upana ule ule, ulikuwa juu ya rafu ukishika vumbi. Siku mbili baada ya sahihi ungekuwa getini. Hapa ndipo hadithi ingekwisha, wasikilizaji wangu, nanyi mngerudi makwenu na dakika zenu zote. Lakini sahihi ilikuwa ya meneja, na meneja alikuwa Dwight Halvorsen.

Ewe ulimi wangu, nipe nguvu nimtaje! Dwight Halvorsen, Bwana wa Vikao, Mwenye Kalamu Nne Mfukoni, aliyekuwa ameongoza machimbo yale miaka sita bila kulowesha soksi. Mnamo Septemba alikwenda Las Vegas kwenye maonesho ya mashine, na huko, kati ya taa na kahawa ya bure, aliuona mkanda wenye nyaya za chuma ukizunguka jukwaani. Wanaume wengine hurudi kutoka Las Vegas na mke mpya. Yeye alirudi na kijitabu cha rangi.

"Kaa, Verna," alisema.

"Nimechafuka, bosi, nitaharibu kiti. Weka sahihi tu hapo chini."

Dwight akasoma karatasi kama mtu aliyeletewa supu baridi. "Kitambaa?"

"Kitambaa. Kama uliokuwepo, na kama uliokuwepo kabla ya huo."

"Unaona sasa? Ndiyo shida yetu hapa. Tunawaza kitambaa." Akainuka, akaenda dirishani, akaweka mikono nyuma, akanena kwa sauti ya mtu anayechongwa sanamu: "Miaka hamsini machimbo haya yamebeba mawe kwa kitambaa, Verna, kitu cha mapazia, kitu cha mashuka! Je, watakaotufuata watasemaje? Watasema, walikuwepo watu na chuma kilikuwepo, wakachagua shuka?"

"Watasema meli ilipakiwa," akajibu Verna.

"Nimeitisha kikao Jumatano."

"Bosi, leo ni Jumatatu."

"Ndiyo. Nimewapa muda wa kujiandaa."

Verna akatoka akiwa ameuma meno. Chini ya ngazi Leroy alikuwa akimsubiri, akijifanya anafuta bisibisi iliyokuwa safi.

"Amesaini?"

"Ameitisha kikao."

Leroy akaitazama bisibisi. "Mzee ameshatoa buti kabatini," akasema. "Tangu jana. Ameziweka mlangoni, zinatazama nje."

Verna akachukua spana yake. Siku ile na siku iliyofuata alikagua mashine zote ambazo hazikuwa na ubaya wowote, na waliomfahamu wakapita mbali.

Jumatano ikafika, na Baraza likakusanyika katika chumba cha mikutano, penye meza ndefu, donati mbili kwa kila mtu, na joto la kulaza ng'ombe. Upande mmoja Dwight na wenzake wa ofisini, ambao kazi yao ilikuwa kutikisa vichwa. Upande wa pili Verna na Leroy, wakinuka grisi kama wajumbe wa nchi nyingine. Na mbele ya wote akasimama mgeni kutoka Minneapolis, Brent Loomis, Muuza Mikanda, Mwenye Viatu Visivyojua Tope, kijana wa miaka arobaini mwenye tabasamu la watu wawili. Akawasha picha ukutani. Zilikuwa sitini na nne. Dwight alizihesabu kwa fahari kabla hazijaanza.

"Mabibi na mabwana," akaanza Brent, "kuna mkanda unaobeba mawe, na kuna mkanda unaobeba kesho! Tazameni huu: maili sita jangwani, unapanda mlima, unashuka bonde, mchana na usiku, na haulegei hata inchi, kwa maana uti wake ni nyaya za chuma mia moja na ishirini. Kitambaa, ndugu zangu, huvutika kama soksi ya mzee. Chuma hakivutiki. Chuma hakichoki!"

Ilikuwa kweli tupu, na Verna alijua ni kweli. Ndiyo maana ilimkera zaidi. "Maili sita," akasema. "Wetu una futi tisini."

"Mimi nina mpira wa kumwagilia bustani mrefu kuliko huo," akaongeza Leroy.

Watikisa-vichwa wakacheka, wakakumbuka, wakaacha. Dwight akagonga meza kwa kalamu ya pili. "Hatutabishana kwa hisia. Nimetengeneza jedwali." Na tazama, jedwali likatokea ukutani, lenye safu kumi na alama na mizani, na katika safu ya Kuona Mbali chuma kilikuwa kimepata kumi na kitambaa moja, wala hakuna aliyethubutu kuuliza mkanda huona nini. Katika safu ya Taswira ya Kampuni chuma kikapata tisa. Safu ya Kupakia Meli haikuwepo. Hesabu ya mwisho ikawa themanini na saba kwa arobaini na moja, na Dwight akaisoma mara mbili kama anayesoma matokeo ya uchaguzi aliyoyaandika mwenyewe.

"Swali," akasema Verna. "Huo wa chuma ukifika, nani anauunganisha?"

"Timu maalumu," akajibu Brent. "Ncha mbili hufumwa waya kwa waya, kisha mpira unachomwa kwa mashine. Kazi safi sana. Siku tatu."

"Na timu inafika lini?"

Brent akakohoa. "Tarehe kumi na saba. Ikiwezekana."

Leroy akasimama, mtu mrefu asiyezoea kusimama mbele ya watu, akashika ukingo wa meza kama anataka kuuhamisha.

"Bosi, meli inakuja tarehe kumi na mbili. Mimi nina ruhusa ya tarehe kumi na tano. Wewe ndiye uliyesaini."

"Kwa sharti, Leroy."

"Najua sharti. Baba yangu hana tarehe kumi na tano nyingine."

Watikisa-vichwa wakatazama donati. Dwight alikuwa na haya kidogo, hilo nitamwandikia. Masikio yake yalipata rangi. Lakini jedwali lilikuwa bado linawaka ukutani, na mtu aliyepata themanini na saba hawezi kurudi nyuma kwa ajili ya mzee mmoja. "Sote tuna familia," akasema, akageuza kalamu. "Tukiendesha kampuni kwa huruma, tutafika wapi?"

Hapo hasira ya Verna ilipanda kutoka kwenye buti hadi kooni, na maneno yalimjia, mazuri na ya kumfukuzisha kazi. Akayameza. Reino alimfundisha kwamba nati iliyogoma haitukanwi. Hutafutiwa spana inayoifaa. Akachukua kibanio cha karatasi kilichokuwa mezani, akakinyoosha kikawa waya, akaanza kukikunja na kukikunjua mbele ya macho ya Baraza, taratibu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Mara ya tano kikakatika. Akaviweka vipande viwili juu ya kijitabu cha rangi.

"Chuma hakichoki," akasema. "Brent, ngoma ya mkia ya Namba Tatu ina kipenyo cha inchi ngapi?"

Ngoma hiyo haipigwi wala haichezwi. Ni lile pipa la chuma ambalo mkanda hulizunguka mwisho wa safari ili urudi ulikotoka. Na pipa likiwa dogo, mkanda hupinda mno, na kila mzunguko ni kunja na kunjua, mara elfu kwa siku. Brent akavitazama vile vipande viwili, na tabasamu la mtu wa pili likaondoka, likabaki la mtu mmoja.

"Sijaambiwa," akasema polepole. "Nilidhani mmeshapima."

"Hakuna haja ya kupima," akasema Dwight. "Tuna mchoro." Akatandaza karatasi kubwa iliyozeeka mikunjoni. "Hapa. Ngoma ya mkia, inchi thelathini na sita."

"Bosi, ngoma hiyo naipaka grisi kila Ijumaa. Haifiki thelathini na sita hata ikivimba."

"Kwa heshima zote, Verna, hayo ni maoni. Huu ni waraka."

"Sawa," akasema Verna, akainuka, akavaa kofia yake. "Twende tukaiulize ngoma yenyewe. Labda na yenyewe ina maoni."

Basi Baraza likatoka kwenda vitani. Ziwa lilikuwa linatupa mvua ya barafu iliyolazwa na upepo, ile inayopiga uso kana kwamba mmekosana, na kutoka ofisini hadi mkia wa Namba Tatu ni hatua mia mbili na kumi. Watikisa-vichwa wakashindwa kwenye hatua ya thelathini, wakarudi kulinda donati. Dwight aliendelea, kwa kuwa jina lake lilikuwa kwenye jedwali; viatu vyake vya ngozi vilizama topeni hatua ya sabini, vikatoka, vikazama tena, na kila mara vilitoa sauti ambayo katika nyumba ya heshima mtu angeomba radhi. Alikuwa ameshika mwavuli, na upepo ulimfundisha mambo mengi kuhusu miavuli.

"Ni hapa?" akauliza akitweta.

"Hapa ni Namba Mbili, bosi," akasema Leroy. "Mbele kidogo."

"Najua. Nilikuwa nauliza tu."

Verna akazima swichi kuu, akaitia kufuli lake jekundu, akaweka ufunguo mfukoni, kwa maana hata mashine iliyokufa hakuiamini. Mkia wa Namba Tatu ulikuwa shimoni, umezikwa kwa vumbi la mawe lililomwagika mkanda ulipopasuka, likaganda kwa baridi likawa kama zege. Ikabidi wachimbe. Leroy alichukua sepetu, akapiga. Verna akapiga upande wa pili. Na wote wakashangaa Brent Loomis alipotua mkoba wake kwenye tope, akatwaa sepetu ya tatu, na kuchimba kama mtu aliyewahi kuchimba.

"Umejifunza wapi?" akauliza Verna.

"Baba yangu alikuwa na mabanda ya kuku," akasema Brent, na barafu ikimtoka puani. "Ukishachimba mbolea ya banda la kuku, hakuna kinachokushinda. Ndiyo maana nikaenda kuuza vitu."

Dakika ishirini walipigana na lile zege, na Dwight akiwa juu ya ukingo wa shimo akiwatia moyo kwa kutazama saa. Hatimaye ngoma ikajitokeza, nyeusi, inayong'aa, ndogo. Hata kabla ya kupimwa ilikuwa na aibu. Verna akashuka, akapiga goti katika maji ya barafu, akatoa tepu kiunoni. Ulimi wa chuma ukatoka, ukapita juu ya uso wa ngoma kutoka ukingo hadi ukingo, naye akaushika kwa kidole gumba, akainamisha kichwa kusoma. Majemadari wamevuka mito kwa moyo uliotulia kuliko wa Verna wakati ule. Hakuwa na shaka ya namba; alichokiogopa ni kwamba namba nayo ingeweza isitoshe, kwamba angeinuka na ukweli mkononi na bado wangeitisha kikao kingine.

"Kumi na sita," akasema.

"Pima tena," akasema Dwight.

Akapima tena. "Kumi na sita."

"Labda tepu imesinyaa kwa baridi."

"Basi njoo uweke mkono wako, bosi. Mkono hausinyai kiasi hicho."

Dwight hakushuka. Brent akafuta vidole kwenye suti iliyokuwa imekwisha kufa, akafungua kijitabu cha rangi, kile kile, akageuza hadi ukurasa wa mwisho wenye maandishi madogo ambayo hayakuwemo katika picha sitini na nne. Akasoma kimya. Kisha akasoma kwa sauti: mkanda ule wa chuma, ngoma isipungue inchi thelathini na sita.

"Ungeweza kutoisoma hiyo," akasema Leroy.

"Ningeweza," akasema Brent. Akamwinulia Dwight uso. "Bwana Halvorsen, nikikuuzia huu, kabla ya Pasaka nyaya zitakuwa zinachomoza kama miiba ya samaki. Siku moja zitamkamata mtu. Wanunulie hawa kitambaa chao."

Verna alikuwa amejiandaa kumshinda kijana huyu tangu asubuhi. Alikuwa hata na sentensi. Sasa akaiona haina pa kwenda, akaimeza nayo, akampa mkono kumvuta atoke shimoni.

Mvua ikapiga mwavuli uliopinduka. Dwight Halvorsen akatazama ngoma, akatazama mchoro uliokuwa ukilowa na kutoa wino, akatazama viatu vyake. Watu wadogo hukubali wamekosea. Wakubwa hukua papo hapo.

"Vizuri," akasema. "Hivi ndivyo nilivyotaka tufike. Ndiyo maana niliitisha kikao." Akavuta pumzi, akanena kuelekea ziwani: "Viongozi wengine wangekurupuka na chuma. Mimi nimesema hapana, kwanza tupime! Leo nimechagua kitambaa."

"Hongera, bosi," akasema Leroy, akainama ili mgongo wake uwe meza. Karatasi ikawekwa mgongoni. Kalamu ya kwanza ikagoma kwa baridi. Ya pili ikagoma. Ya tatu na ya nne zikafuata desturi. Verna akatoa kalamu nene ya mafuta ya kuandikia juu ya chuma, na hivyo sahihi ya Dwight Halvorsen iliyomaliza vita vile ina unene wa kidole na inasomeka kutoka ng'ambo ya chumba.

Mkanda wa kitambaa ukafika Ijumaa asubuhi, umeviringishwa, wa kawaida hadi kuchosha. Hakuna aliyeupigia makofi. Wakautandika, wakaukaza, wakaunganisha ncha zake kwa vibanio vya chuma, Leroy akipiga nyundo na Verna akishika mstari unyooke, na saa tisa alasiri kufuli jekundu likafunguliwa na Namba Tatu ukazunguka. Ulivuta kidogo kushoto. Verna akazungusha nati moja robo mzunguko, ukatulia, na mawe yakaanza kupanda.

Meli ilikuja tarehe kumi na mbili, ikaondoka jioni ya kumi na tatu ikiwa imeshiba. Wiki iliyofuata makao makuu yalimtumia Dwight kibao cha mbao chenye maneno ya dhahabu, Uongozi wa Kuamua kwa Ushahidi, naye akakitundika juu ya mchoro wa zamani, ambao aliukausha kwa pasi.

Jumapili ya kumi na sita, saa sita mchana, Verna akaendesha gari hadi kibandani kwa akina Tervo, na pasti sita, mikate iliyojazwa nyama na viazi, zikiwa zimefungwa kwa taulo kwenye kiti cha pili. Reino alikuwa kwenye kiti chake dirishani, blanketi magotini, bunduki ukutani haijaguswa, theluji nje imelala bila alama isipokuwa nyayo za mnyama mmoja zilizopita karibu sana na ngazi.

"Amepita dume hapo jana alfajiri," akasema Leroy akipokea pasti. "Pembe kama kiti cha askofu. Baba akamwangalia tu."

"Nilikuwa nakunywa kahawa," akasema mzee. "Ningeiweka chini ingepoa." Akamgeukia Verna, akamtazama kwa macho yale yale ya siku alipompa spana. "Binti, nasikia mmepigana vita."

"Vidogo tu."

"Leroy anasema mmechimba kwenye mvua. Mlikuwa mnatafuta nini?"

"Kipimo cha ngoma ya mkia. Ya Namba Tatu."

"Kumi na sita," akasema Reino, akauma pasti, akatafuna, akameza. "Niliifunga mwenyewe mwaka wa sabini na nane. Kwenye mchoro waliandika thelathini na sita, lakini ile kubwa haikuingia shimoni, tukatia hii, na hakuna aliyerudi kusahihisha karatasi. Kwa nini hamkunipigia simu?"

"Mimi nilijua ni kumi na sita, Reino. Miaka thelathini nimejua. Kujua hakukuwa tatizo."

Mzee akaweka pasti dirishani. Kisha akaanza kucheka, kwanza mabegani, halafu tumboni, hadi blanketi likaanguka na Leroy akaogopa kwa ajili ya moyo wake. Lakini moyo ulistahimili, naye akafuta macho kwa mkono wenye makombo, akamsogezea Verna kiti kwa mguu.

"Kaa, binti. Kaa kabla hawajaitisha kikao."

Akakaa. Wakala wote watatu, wakitazama nje.

Andikeni basi, enyi mnaoandika tarikhi za ulimwengu, acheni nafasi kati ya vita vikuu na mikataba ya wafalme: kwamba katika mwaka ule, huko Korvela, hakuna aliyepoteza kidole, meli iliondoka imejaa, na ngoma ya inchi kumi na sita ilithibitishwa rasmi, mbele ya mashahidi watatu na mwavuli mmoja uliovunjika, kuwa na inchi kumi na sita.